Meli Haitawangoja

Mwisho ni saa sita usiku, simu inasema.
Sasa ni saa tatu na robo, mtaa wa Madaraka,
manyunyu ya Julai yanakwaruza dirisha
na Mghoi amevaa soksi zangu.

Nauli ya meli alilipa Mshai, kutoka Doha.
Miaka arobaini ya ndoa, akaandika, msibishane.
Siku tisa majini, kitanda, chakula, hata meza ya karata.
Ila kushuka bandarini, Nosi Be, saa sita za nchi kavu,
hilo ni letu, na lina bei yake:
dola themanini na tisa kwa kila kichwa.
Basi dogo lenye kiyoyozi. Kiwanda cha mlangilangi.
Maporomoko ya maji. Komba wa porini,
wakikubali kuonekana.

Mghoi amefungua daftari la maziwa, ukurasa wa nyuma,
penseli imelala sikioni, inaamka, inalala.
Elfu ishirini na tatu, anasema.
Mitungi saba ya gesi.
Au mabati ya jiko la mama kule Taveta,
na fundi, na chai ya fundi.
Halafu komba? Komba, baba Mshai?
Wale wa kwa mama huiba ndizi zingali na utomvu
na hawajawahi kutudai hata senti.

Nami nina hoja zangu.
Getini, nasema, hakukosi kijana mwenye gari.
Tutapatana. Kifaransa sina, vidole ninavyo kumi.
Kwa robo ya bei tutaona maporomoko yale yale;
maji hayaulizi nani kalipa ngapi.

Hanijibu. Amefika kwenye maandishi madogo, ya chini kabisa,
anayasoma mara mbili kwa sauti yake ya imla,
ile ya darasa la nne, yenye vituo:
Waliotoka na ziara yetu, meli itawangoja.
Waliojitokea wenyewe, meli haitawangoja.

Hapo nikajua tumeshaondoka Nosi Be.
Tuko Emali, themanini na saba, usiku,
nimeruka kutoka behewani kununua machungwa
kwa sababu alisema ana kiu
(hakusema, anasema; kesi hiyo ingali mahakamani).
Filimbi. Taa nyekundu ya nyuma
ikanywea hadi ikawa ncha ya sigara,
nami nimesimama na machungwa kumi na mawili ndani ya kofia.

Yeye alishuka Kibwezi,
mtoto mgongoni, sanduku la bati miguuni.
Mkuu wa stesheni akamwambia panda, mama,
mwanamume hapotei, atakufuata kesho.
Akakaa juu ya sanduku.
Nilifika alfajiri juu ya lori la saruji,
mweupe hadi kope,
machungwa yamebaki saba.
Hakuuliza matano yalikwenda wapi.
Akamenya moja, akanipa nusu kubwa.

Basi tulipe, nasema. Tulipe tungojwe.
Nimeshaitoa kadi, miwani iko puani,
kidole kiko juu ya kisanduku.

Ananishika mkono.
Unadhani naogopa kuachwa, anasema.
Anavuta soksi zangu hadi magotini, anafikiri.
Kibwezi sikuachwa na mtu, mimi ndiye niliyeshuka.
Kilichoniuma ni kutojua wewe uko wapi
kwenye giza lote lile.
Nosi Be tutakuwa upande mmoja wa reli.
Meli ikitaka kwenda, iende.

Na Mshai tutamwambia nini?

Tutamwambia baba yako alikuwa na vidole kumi.

Kioo cha simu kimezimika chenyewe. Sijakigusa.
Mlinzi wa chini anakohoa, anaburuta kiti chake kukwepa mvua.
Saa sita nzima, nasema, tutafanya nini huko, wazee wawili?

Anaichomeka penseli sikioni, anafunga daftari.
Tutatafuta machungwa, anasema.
Na utanieleza yale matano.